Grace Wales Bonner: koti linaloanzia maktaba

Mteja akiniletea picha ya suti kwenye simu, jicho langu linakwenda begani kabla ya kwingine. Kola ikikaa vibaya inafumuliwa, mfuko unahamishwa, suruali inapunguzwa, lakini bega lililokatwa vibaya halina dawa. Miaka yote hii ya kukata suti za kiume imenifunza hivyo. Nilipoanza kufuatilia kazi za Grace Wales Bonner, mbunifu wa London aliyezaliwa 1990, nilianzia hapo hapo begani, nikaona mkato safi kabisa wa Kiingereza. Yale mengine yote anayosifiwa, historia, muziki, mashairi, yamekaa juu ya bega hilo.

Baba yake ana asili ya Jamaika, mama yake ni Mwingereza. Alisoma Central Saint Martins, chuo cha sanaa na mitindo cha London, akahitimu 2014 kwa koleksheni aliyoiita Afrique. Januari 2015 akatoa Ebonics, Juni mwaka huo huo akatoa Malik. Kabla mwaka haujaisha akapewa tuzo ya Uingereza ya mbunifu chipukizi wa mavazi ya kiume, na Juni 2016 akashinda tuzo ya LVMH, kampuni kubwa ya Kifaransa ya bidhaa za anasa, yaani euro 300,000 pamoja na mwaka mzima wa kushikwa mkono na wakongwe wa biashara. Alikuwa ametoka chuo miaka miwili tu.

Kwa asiyeijua biashara hii, niseme kidogo kuhusu misimu. Mavazi ya kiume huonyeshwa Januari na Juni, kisha yanasubiri miezi kadhaa kabla ya kuingia dukani. Ndiyo maana Malik, iliyopanda jukwaani Juni 2015, inaitwa ya majira ya joto 2016. Mbunifu mchanga anaumia hapo: kitambaa cha koleksheni ya pili kinadai pesa wakati ya kwanza bado haijauzwa. Wengi huishia kurudia kilichopendwa. Wales Bonner kila msimu anafungua somo jipya, na linaanza kwa vitabu, picha za zamani na rekodi za muziki, muda mrefu kabla ya chaki kugusa kitambaa.

Malik ndiyo inayonikaa rohoni. Malik Ambar alizaliwa Ethiopia katikati ya karne ya 16, akauzwa utumwani, akapitishwa Uarabuni hadi Dekani, India. Huko akawa askari, akapanda hadi kuutawala usultani wa Ahmadnagar kwa niaba ya sultani, akawazuia Wamughal, watawala wa dola kubwa ya kaskazini mwa India, kwa miaka mingi mpaka alipofariki 1626. Sisi wa upande huu wa Bahari ya Hindi hatuhitaji kuelezwa sana. Njia za majahazi tunazijua, na Wahabeshi tunawajua. Mbunifu mvivu angeichapa sura ya Malik kifuani mwa fulana, kazi ikaisha. Yeye aliikutanisha fahari ya mavazi ya kifalme ya Kihindi na ushonaji wa London ndani ya nguo moja, kijana mweusi akasimama jukwaani kwa utulivu wa mtu aliyezaliwa ikulu. Haya ndiyo ninayowaambia vijana wangu wanaobandika kipande cha kitenge kwenye mfuko wa koti na kuliita la Kiafrika: hadithi inatakiwa iingie kwenye mkato.

Chukua kauri, zile za baharini, alizozitumia kupamba nguo zake za mwanzo. Nilijaribu mwenyewe kuzishona kwenye kifua cha koti la mahameli. Safari ya kwanza kitambaa kilivutwa chini, upande mmoja wa koti ukaning'inia kama umewekewa mawe mfukoni. Kauri moja ni nyepesi kiganjani, arobaini zikikaa pamoja ni mzigo. Ilinibidi nifumue, niweke kitambaa kigumu kati ya mahameli na bitana, kisha kila kauri niifunge fundo lake peke yake, ili moja ikikatika zisifuatane zote. Kazi ya saa mbili ikala siku mbili. Nikiwa nimeinama pale nikakumbuka kwamba kauri za Zanzibar zilibebwa kwa meli katika karne ya 19 hadi Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha. Basi kijana aliyevaa koti lile amevaa utajiri wa mababu kifuani. Maelezo ya pembeni hayahitajiki.

Januari 2020 akaanza mfululizo wa koleksheni tatu kuhusu Uingereza na Karibi. Lovers Rock ilitazama vijana wa familia za Karibi katika London ya miaka ya 1970, Essence ikavuka hadi Jamaika, Black Sunlight ikarudi kwa wasomi weusi waliopita Oxford. Humo ndimo ulimoanzia ushirikiano wake na Adidas. Angalia kiatu cha Samba alichokigusa: ile mistari mitatu imefumwa kwa uzi, mfumo ule ule wa vitambaa vinavyofunika makochi ya mama zetu. Kiatu cha soka kikapata heshima ya sebuleni! Mwaka 2023 jezi za Jamaika alizozibuni zilivaliwa na timu ya wanawake kwenye Kombe la Dunia.

Hashoni vya wanaume pekee. Mei 2019, Meghan, mke wa mwanamfalme Harry wa Uingereza, alipomtoa mtoto wao Archie mbele ya kamera, alivaa gauni jeupe la Wales Bonner lisilo na mikono, lenye mkato wa koti la mvua.

Koleksheni ya Volta Jazz ilimpeleka Burkina Faso, kwenye pamba inayofumwa kwa mkono. Juni 2022 alionyesha Florence, Italia, ndani ya jumba la Medici, familia ya zamani ya matajiri wa mji huo, na msanii wa Ghana Ibrahim Mahama akalifunika kwa magunia ya juti. Koleksheni ya Marathon ya 2023, yenye wakimbiaji wa Ethiopia moyoni mwake, ilinigusa kidogo. Nguo za michezo si shamba langu. Kwangu thamani iko kwenye makoti aliyoshirikiana na Anderson & Sheppard, mafundi wa London wanaosifika kwa bega laini, lisilojazwa pamba, linaloufuata mwili.

Oktoba 2025 Hermès, nyumba ya mitindo ya Paris inayosifika kwa ngozi, ilimtangaza kuongoza mavazi yake ya kiume, kiti ambacho Véronique Nichanian alikikalia kwa zaidi ya miaka 35. Koleksheni ya kwanza itaonyeshwa Januari 2027. Atakuwa na ngozi bora kuliko zote duniani mezani mwake, na ngozi ni kali kwa fundi: tundu la sindano halifutiki. Picha zikitoka nitazikuza nitazame mahali mkono unapoungana na bega.