Tempe ya soya: kazi ya kuvu kabla punje hazijafika tumboni

Huku Kigoma na Tabora soya tunaijua zaidi kwenye uji wa lishe, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Inasagwa mbichi pamoja na mahindi na karanga, mtoto anajaa gesi, lawama inaangukia soya. Punje mbichi ina kitu kinachozuia trypsini, kimeng'enya cha kusaga protini. Kuchemsha vizuri kunakimaliza. Kuchachusha kunakwenda mbele zaidi, na ndiko kunakotoa tempe: soya iliyochemshwa ikashikanishwa na kuvu wa kuliwa mpaka ikawa kama keki.

Soya ina isoflavoni, viambato vya asili vya mmea, hasa jenisteini na daidzeini, ila zimefungwa na sukari, na mwili hauzinyonyi mpaka ile sukari ikatwe. Kuvu wa tempe, Rhizopus, anaanza kuikata mapema. Anavunja pia protini kuwa vipande vidogo, na baadhi yake huzima chembe huru zinazoharibu mafuta ya seli. Maabarani, jenisteini hupunguza ishara zinazowasha uvimbe ndani ya seli. Kwa watu, matokeo ni madogo na yanatofautiana. Anayekuuzia tempe kama dawa ya baridi yabisi anakuuzia maneno.

Loweka kilo 1 ya soya usiku kucha, sugua maganda yatoke, chemsha saa nzima. Chuja, tia siki vijiko 4 vya chakula, kisha tandaza kwenye kitambaa safi hadi punje zikauke juu. Hapa usiharakishe: punje ikiwa na maji, bakteria wanamtangulia kuvu na unapata utelezi wenye harufu mbaya. Zikipoa zikawa vuguvugu, changanya vijiko 2 vya chai vya chachu ya tempe, yaani mbegu za kuvu huyo wa Rhizopus. Chachu hiyo huagizwa. Usijaribu kuvu wa mahindi au wa kiporo, huko ndiko kwenye sumukuvu.

Funga kwa majani ya mgomba, unene sm 3, toboa matundu kila sm 2. Inataka nyuzi 30 hadi 32 kwa saa 24 hadi 48. Kando ya ziwa Kigoma shida ni ndogo. Tabora, usiku wa Juni na Julai, weka kwenye kikapu chenye blanketi na chupa mbili za maji ya moto. Baada ya saa kama 14 toa chupa, maana kuvu anatoa joto lake mwenyewe, na likizidi anakufa katikati.

Iliyoiva ni nyeupe, imeshikana kama keki. Madoa meusi karibu na matundu hayadhuru. Rangi ya waridi, kijani au njano: tupa yote. Ikinuka kama mkojo, imepitiliza.

Ivukize dakika 10, kisha kaanga kwa mawese kidogo, ule na ugali wa muhogo. Mafuta ya chipsi yaliyorudiwa mara tano yameharibika kwa moto na hewa, yaache. Anayemeza levothyroxine, dawa ya tezi ya shingo, aache saa 4 kati ya kidonge na soya ya aina yoyote.