Kamera ya kitambaa cheusi pale Shela: yanayosemwa na yalivyo

Ukisimamisha kamera ya mbao ufukweni Shela na kujifunika kitambaa cheusi, hukai dakika tano bila wasemaji. Wa kwanza huuliza kama napima viwanja, na kwa Lamu swali hilo si la mzaha, kwa hiyo najibu haraka: ni picha tu. Baada ya hapo huanza ya kamera yenyewe.

"Imeharibika, sura iko kichwa chini." Nahodha mmoja mzee aliwahi kuingiza kichwa chini ya kitambaa, akakaa humo kitambo, akatoka akicheka: "Mwanangu, jahazi lote limepinduka na mabaharia hawana habari!" Haijaharibika. Mwanga huenda moja kwa moja. Unaotoka kileleni mwa mlingoti hupita kwenye lenzi na kutua sehemu ya chini ya kioo cha ukungu kilicho nyuma, na wa majini hutua juu. Kulia nako huwa kushoto. Kamera nyingine zina vioo vya ndani vya kuigeuza sura, hii haina. Mwanasayansi Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alilichunguza jambo hili yapata miaka 1000 iliyopita kwa chumba cha giza chenye tundu. Jaribu mwenyewe alasiri: funga kabisa chumba cha ghorofani kinachotazama bahari, acha tundu moja dogo dirishani. Mashua zitapita ukutani, matanga yakining'inia chini.

Dhana inayonikera zaidi ni ya wapiga picha wenyewe: "Funga tundu la lenzi hadi f/64, kila kitu kitakuwa wazi." Namba hiyo ni kipimo cha tundu: ikikua, tundu hupungua. Chanzo cha dhana najua. Mwaka 1932 kule California, wapiga picha Ansel Adams, Edward Weston na wenzao waliliita kundi lao f/64, na namba ikageuka kuwa hirizi. Lakini Weston alikuwa na filamu ya inchi 8 kwa 10, akiichapa kwa ukubwa uleule bila kuikuza. Mimi natumia ya inchi 4 kwa 5 na nataka kuikuza. Mwanga ukipenyezwa kwenye tundu dogo mno hutawanyika, na picha nzima inalainika. Halafu kuna muda: kutoka f/22 hadi f/64 unahitaji mara nane zaidi. Kilichokuwa sehemu ya nane ya sekunde kinakuwa sekunde nzima, na makuti ya mnazi hayatakungoja.

Dawa ni kuinamisha lenzi. Maji yakipwa Shela, mchanga hubaki na mikunjo kama kitambaa kilichofinywa, na unaitaka mikunjo iliyo miguuni pako pamoja na mashua iliyo mbali. Ubao wa lenzi ukiuinamisha mbele, eneo linalotoka wazi pichani halisimami tena kama ukuta mbele yako. Linalala chini kama mkeka, kuanzia karibu yako hadi majini. Sheria yake inabeba jina la Theodor Scheimpflug wa Austria. Kwa lenzi ya milimita 150, kamera ikiwa imetazama mbele sawasawa, mita moja na nusu juu ya mchanga, digrii 6 hivi zinatosha. Ukizidisha umeharibu. Na mkeka ni mkeka: mnazi ukiwa karibu, shina litakuwa safi na kilele kimefifia. Ndiyo maana nikipiga nyumba za mbele ya bahari siinamishi chochote. Napandisha lenzi juu tu huku kamera imesimama wima, na kuta zinabaki zimenyooka.

"Nzito hivi, haitikisiki." Siku ya kusi, mvukuto wa kamera, ule mkunjo ulio kati ya lenzi na kioo cha nyuma, ni tanga. Natundika mfuko wa mchanga kwenye miguu mitatu na kusubiri upepo upumue.

"Kipima mwanga kikisema sekunde 10, ni 10." Filamu hupungukiwa hamu muda unapopita sekunde moja. Kwa filamu ya HP5 ya Ilford, hizo 10 zinakuwa kama 20. Mikoko ya Manda niliyoipiga alfajiri bila kukumbuka hili ilitoka tupu, karibu sawa na kioo cha dirisha.

Wanaosema filamu hizi hazitengenezwi tena wamekosea: Ilford wa Uingereza, Kodak wa Marekani na Foma wa Czechia wote wanazo. Kuzifikisha Lamu ndiyo kazi. Uwanja wa ndege omba zikaguliwe kwa mkono, hasa penye mashine mpya za CT, ambazo eksirei zake huziharibu, na ukizitoa kwenye friji usifungue boksi mpaka baridi yake iishe, maana hewa yetu ina unyevu na itaacha matone juu ya filamu.

"Ukipakia filamu gizani unabahatisha tu." Hapana, vidole vinaona. Kila karatasi ya filamu ina mikato midogo pembeni. Ishike wima, mikato iwe juu kulia, na upande unaopokea mwanga umekuelekea. Mara moja nilipakia haraka bila kuigusa mikato, nikapiga jahazi la yule nahodha kupitia mgongo wa filamu. Kilichotoka ni kivuli cha kivuli. Aliitazama, akaigeuza juu chini, akasema hata hivyo jahazi lake analijua.