Pua ya raba ndiyo inayokuharibia hesabu

Juzi niliitwa baa moja Sinza. Mwenye baa alikuwa amebadilisha raba zote sita za pembeni mwa meza yake ya pool, na bado wateja walikuwa wanalalamika: "Fundi, mpira ukigusa pembeni unakufa." Sikugusa fimbo, nilitoa rula. Pua ya raba, yaani ile ncha inayokutana na mpira, ilikuwa milimita 36 juu ya kitambaa. Aliyezifunga alifuata kipimo cha meza ya Kimarekani.

Mpira wa Kimarekani una kipenyo cha milimita 57.15, na kanuni za kimataifa zinataka pua iwe kwenye asilimia 63.5 ya kipenyo hicho, ikizidi au kupungua kwa asilimia moja tu. Ndiyo hiyo 36. Lakini meza ya pale inatumia mipira midogo ya Kiingereza, milimita 50.8, ambayo kwa uwiano uleule inataka pua ya 32 hivi. Milimita nne unaweza kuzidharau, ila mezani ni nyingi mno: raba inaushika mpira karibu na utosi, inaukandamiza kwenye kitambaa, nguvu zote zinaishia hapo. Pua ikiwa chini kupita kiasi, mpira unaruka.

Halafu kuna jambo ambalo wachezaji wazuri wengi hawajawahi kulifikiria. Kwenye meza nyingi za Kiingereza za sarafu, mpira mweupe ni mdogo kuliko wa rangi, milimita 47.6, ili meza iutambue kwa ukubwa wake na kuurudisha. Kwake yeye, pua ya 32 iko kwenye asilimia 67 au 68. Kwa hiyo mweupe na wa rangi wakigonga sehemu ileile, kwa nguvu ileile, hawarudi sawa. Ukijifunza hesabu ya kugongesha mpira wa rangi kwenye raba, usiihamishie kwa mweupe.

Umbo nalo linahusika. Raba ya Kimarekani ni ya pembetatu na midomo ya mashimo imekatwa kwa mstari ulionyooka. Meza ya Kiingereza ina midomo ya mviringo kama snuka, mpira ukiigusa kidogo tu unatemwa nje. Ndiyo maana kijana wa baa akipanda meza ya Kimarekani hujiona bingwa kwa dakika kumi, mpaka urefu wa futi tisa umkumbushe alikotoka.

Na ile imani kwamba mpira hutoka kwa pembe iliyoingia nayo? Sahau. Ukipiga kwa nguvu, raba inabonyea na mpira unatoka umenyooka zaidi. Kitambaa kipya huuachia uteleze, unatoka umepanua. Masika hapa Dar kitambaa kinanyonya unyevu, kinashika, pembe inafupika.

Kabla ya kulaumu raba, gonga ubao wa pembeni kwa kifundo cha kidole, kipande kwa kipande. Penye mlio mzito wa kufifia, mara nyingi bolti imelegea. Pale Sinza nilizikuta mbili. Nikazikaza, nikachonga mbao zilizobeba raba na kuzifunga upya hadi pua zikashuka kwenye 32. Mteja wa kwanza kucheza alifungwa, akanigeukia: "Fundi, sasa unakimbia mno."