Je, wajua kwa nini raba ya mlango inaweza kuonekana nzima na bado gari linavuja?

Corolla au Mark II ya miaka ya 1990 ikifika spidi 80 inaanza kupiga filimbi, mvua ikinyesha kapeti linalowa, na ukipita barabara ya vumbi unafika dashibodi imekuwa nyekundu. Fundi anafungua mlango, anaminya raba kwa kidole, laini, haijapasuka, anasema "hii nzima bosi, shida ni bawaba". Na wenye magari wengi wanakagua hivyohivyo, wanatafuta ufa, wanatafuta palipokauka au kuchanika, wasipoona kitu wanairuka. Kumbe raba nyingi za milango zinakufa bila ufa hata mmoja, tena nyeusi tii.

Raba inaziba kwa kusukuma. Mlango unaibana, yenyewe inasukuma kurudi, na huko kusukuma ndiko kunakozuia maji, vumbi na upepo. Ikiacha kusukuma inabaki pambo tu.

Angalia godoro la sponji lililolaliwa upande mmoja miaka mingi. Kitambaa kipo, sponji ipo yote, ukiminya bado laini, ila pale katikati kuna bonde, na bonde halijai hata ukiliacha wiki nzima bila mtu kulala. Raba nayo inalaliwa na mlango mchana na usiku, maana gari muda mwingi limefungwa. Ndio maana hata ule mlango wa nyuma ambao haufunguliwi mara kwa mara, raba yake unaweza kuikuta imelala vilevile.

Kwa ndani iko hivi. Raba nyingi za milango ni EPDM, mpira ulioingia sokoni miaka ya 1960, na minyororo yake ya molekuli imefungwa vifundo, mara nyingi vya salfa (ule ufundi ambao Charles Goodyear alipewa hataza yake Marekani mwaka 1844). Vifundo ndio vinakumbuka umbo. Joto likikaa sana vingine vinakatika, vingine vinajifunga upya raba ikiwa imebanwa, na hivyo vipya umbo vinalolijua ni hilohilo la kubanwa. Maabara wanalipima hili kabisa: kipande kinabanwa mpaka kipungue robo ya unene, kinawekwa kwenye oveni, mfano masaa 22 kwa nyuzi 70, kinaachiwa nusu saa, alafu wanaangalia kimeshindwa kurudi kiasi gani. Gari lililopaki juani milango imefungwa linarudia mtihani huo kila siku, japo kwa moto mdogo zaidi.

Kwahiyo kupaka silikoni kunasaidia raba isikauke na isigande mlangoni, ila bonde halirudi. Grisi, dizeli na oili chafu ndio usiguse kabisa, EPDM haipatani na mafuta ya petroli, inavimba na kulegea.

Kupima ni rahisi, fungia kipande cha karatasi mlangoni alafu kivute, zunguka mlango wote. Kikitoka bila kugoma hapo hakuna msukumo. Ila karatasi haikwambii mkosaji ni nani, kwahiyo fungua mlango uunyanyue kwa mwisho wake, ukicheza juu chini basi fundi alikuwa na haki yake na bawaba.

Ukinunua mpya nenda na kipande cha zamani, iwe Kariakoo ya Dar au Kirinyaga Road ya Nairobi, ulinganishe umbo, maana ile ya kukatiwa kwa mita ikiwa nene sana mlango utasukumwa nje. Wakati wa kuvisha usiivute, hasa kwenye kona, iliyovutwa itajirudi yenyewe na kuacha pengo kwenye maungio. Na ukiona vitobo vidogo kwenye lile bomba la raba usivizibe kwa gundi ukidhani ni ubovu (watu wanaziba kweli!), hivyo vinatoa hewa mlango ukifungwa, bila hivyo mlango unadunda.

Wiki za mwanzo mlango utakuwa mgumu kufunga. Usikimbilie kusogeza nje kile chuma cha kwenye nguzo ambacho kitasa kinakikamata, raba ikishalala kidogo utajikuta na pengo ulilolitengeneza mwenyewe.