Je, wajua kwa nini ndege za siku hizi hazipigi kelele kama zile za zamani?

Watu wazima wa Ilemela wanaokaa jirani na uwanja wa ndege wa Mwanza wanazikumbuka Boeing 737-200, ikipaa mazungumzo yote yanasimama mpaka ipotelee ziwani. Leo Airbus A220 ya Air Tanzania, yenye siti 132, inaondoka na mvumo tu. Imekuwaje?

Kelele nyingi ya jeti ni ya hewa yenyewe, maana injini inatupa hewa nyuma kwa kasi kubwa, ikikutana na hewa iliyotulia zinavurugana na hiyo vurugu ndo mngurumo unaousikia. Mwaka 1952 Mwingereza James Lighthill alipiga hesabu akaonyesha nguvu ya kelele inapanda kwa kipeo cha nane cha kasi, yaani ukipunguza kasi ya hewa kwa nusu, nguvu ya sauti inashuka mara 256! Mimi hii hesabu naipenda sana, maana karibu kila kitu kingine kimetokea hapo.

Kwahiyo dawa ni kusukuma hewa nyingi, ila taratibu. Kwenye injini ya 737-200, kila kilo moja ya hewa iliyopita kwenye moto, kama kilo moja tu ilipita pembeni. Injini ya A220 inapitisha pembeni kilo 12, ndo maana feni yake ina upana wa mita 1.85 hivi. Sasa feni kubwa ukiizungusha kasi, ncha za mapanga zinapita kasi ya sauti na zinalia vibaya, wakati tabaini ya nyuma, yaani mapanga yanayosukumwa na hewa ya moto na kuizungusha hiyo feni, inataka mwendo mkali. Mafundi wakaweka gia katikati, feni ikazunguka kama theluthi ya kasi ya tabaini.

Ukiwa unatembea kwenda kupanda ngazi chungulia mdomo wa injini, ukuta wa ndani una vitundu vidogo vidogo, nyuma yake kuna vyumba kama sega la nyuki, sauti inaingia humo nguvu yake inaishia humohumo. Boeing 737 MAX yenyewe iko chini chini, feni kubwa sana haitoshi chini ya bawa, ndo maana ukingo wa nyuma wa injini umekatwa meno meno ili hewa zichanganyike kwa upole.

Na kwa safari fupi kama Dar–Mwanza hili ni jambo kubwa, ndege moja inapaa na kutua mara kadhaa kwa siku na anayesikia ni aliye chini. Ikiwa inatua injini zimepunguzwa moto, kwahiyo kelele nyingi siku hizi inatoka kwenye matairi na mabawa yaliyofunguliwa, na huko ndo wahandisi wamehamia.