Sekunde 54 za OTS-1

Sisi wa antena za ardhini huichukulia roketi kama gari la mizigo: ilimradi lifike. La OTS-1, setilaiti ya majaribio ya mawasiliano, halikufika. Jioni ya 13 Septemba 1977, roketi ya Delta 3914 ilipaa nayo kutoka Cape Canaveral, Florida, na sekunde 54 baadaye ikalipuka. Mabaki yakaishia Atlantiki.

Delta hiyo ilifungwa ubavuni mota tisa za Castor 4, yaani roketi ndogo za fueli yabisi za kuiongezea nguvu. Tano ziliwashwa chini, nne zilipangwa kuwashwa angani. Balaa lilianzia kwenye mojawapo. Mota ya fueli yabisi ni bomba lililoshindiliwa fueli inayofanana na mpira mgumu, na ikishawaka haizimiki. Kinachokinga chuma ni tabaka la kuzuia joto tu. Likiwa na ufa, gesi hupenya, hukitoboa chuma na kufoka kama mwali wa fundi wa kuchomelea. Na pembeni yake hapo kuna matangi ya mafuta ya taa na oksijeni ya kimiminika!

Setilaiti yenyewe, ya Shirika la Anga za Juu la Ulaya (ESA), haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inakwenda kujaribu masafa mapya ya mawimbi ya redio. Setilaiti za biashara za wakati ule zilitumia gigahezi 4 na 6, masafa ambayo minara ya ardhini ya kupokezana mawimbi ya simu nayo iliyagombea. Ulaya ikataka kuhamia 11 na 14. Huko kuna nafasi, ila mvua ni adui. Wimbi la gigahezi 4 lina urefu wa milimita 75; la 11 lina 27 hivi, na kadiri linavyofupika ndivyo matone yanavyozidi kulinyonya na kulitawanya. Nimelishuhudia mara nyingi: mstari wa nguvu ya mawimbi kwenye skrini umetulia, wingu zito likikatiza mbele ya antena unaporomoka desibeli 3, yaani nusu ya nguvu imekwenda, kisha 6. Wewe uliyesimama chini ya antena bado u mkavu, maana wimbi linapita mshazari na mvua iko mbali kidogo.

Bahati ni kwamba kulikuwa na pacha. OTS-2 ilirushwa Mei 1978, tena kwa Delta ya aina ileile (hapo palitaka moyo), ikafika salama. Ilipangiwa miaka michache tu. Mwaka 1982 ilikuwa ikirusha matangazo ya televisheni, na haikustaafishwa mpaka 1991.