Saratani ya ini ikiziba mrija wa nyongo, upasuaji bado unawezekana?

Mgonjwa wa saratani ya ini akianza kuwa na macho ya njano, ndugu huambiwa ini limechoka, mrudisheni nyumbani. Kwa wengi ni kweli. Lakini wapo wachache ambao ini lao bado linafanya kazi vizuri. Uvimbe tu umeingia ndani ya mrija wa nyongo ukauziba. Kama daktari wa upasuaji wa ini, hawa hunisikitisha zaidi wanapoletwa wamechelewa.

Saratani inayoanzia kwenye seli za ini (kwetu Afrika Mashariki nyuma yake mara nyingi kuna homa ya ini B, na sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga huchochea) hupendelea kuvamia mishipa ya damu. Kuvamia njia ya nyongo ni nadra. Ikitokea, uvimbe hutoboa ukuta wa kijirija ndani ya ini, kisha huota ukiteremka hadi unaning'inia kwenye mrija mkuu. Kipande kinaweza kukatika, au kikavuja damu ikagandia humo humo. Ndiyo maana unjano wa mgonjwa hupanda na kushuka, akadhaniwa ana mawe ya nyongo.

Ini likishindwa kazi, tumbo hujaa maji, albumini (protini ya damu inayotengenezwa na ini) hushuka, na mgonjwa huweza kuchanganyikiwa. Mrija ukiziba, mwili huwasha, mkojo huwa wa rangi ya chai, choo hupauka, na ultrasaundi huonyesha mirija iliyotanuka. Kwenye picha ya CT, inayopigwa baada ya mgonjwa kuchomwa dawa ya kung'arisha picha, naangalia kilichomo ndani ya mrija: kikiwaka mapema na kufifia baadaye, sawa na uvimbe ulio kwenye ini, hilo si jiwe.

Hatukimbilii kisu. Kwanza tunatoa nyongo kwenye upande wa ini utakaobaki, kwa stenti (kijirija kidogo cha kuzibua) kupitia endoskopi (mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni) au kwa sindano kupitia ngozi. Anapewa pia vitamini K, kwa kuwa bila nyongo utumbo hauifyonzi vizuri na damu haigandi inavyotakiwa. Kisha hesabu: kwa ini lisilo na ugonjwa mwingine inatakiwa ibaki angalau asilimia 20 hadi 30 yake, kwa lililosinyaa takriban asilimia 40. Lisipotosha, tunaziba tawi la mshipa unaopeleka damu upande utakaokatwa, tukasubiri wiki kadhaa upande wa pili ukue.

Chumba cha upasuaji tunaondoa sehemu ya ini yenye uvimbe, mara nyingi nusu nzima, ya kulia au ya kushoto. Hapo ndipo wapasuaji tunapobishana: je, mrija wote wa nyongo ulio nje ya ini nao ukatwe? Mimi nasema usiukate bila sababu. Kwa kawaida uvimbe umelala tu ndani ya mrija haujashika ukuta. Napasua mrija kidogo kwa urefu, nashika ncha ya uvimbe kwa koleo, navuta polepole; hutoka laini, wa kijivu-njano, ukiburuta mabonge ya damu nyeusi, na nyongo hufuata. Naosha, nachungulia kwa kamera nyembamba, ndipo nashona. Ukiwa umeng'ang'ania ukuta, hapo nakata mrija na kuunganisha mabaki yake na utumbo mwembamba. Kuvuta kipande peke yake na kuacha uvimbe kwenye ini hakufai, utaota tena.

Siwafichi wagonjwa: saratani hii hurudi mara kwa mara, hasa kwenye ini lililobaki, na miaka 2 ya mwanzo ndiyo ya hatari zaidi. Kwa hiyo kila miezi 3 hivi tunarudia picha na kipimo cha damu cha AFP (protini ambayo saratani hii mara nyingi huitoa). Mwenye homa ya ini B aendelee kumeza tenofovir, dawa ya kuzuia kirusi hicho, hata akijisikia amepona, kwa sababu kirusi hatukukitoa.